Gemu ya Mkononi Huuliza, Haisikilizi

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Walituachia wasia huo zama ambapo mwenye kuuliza na mwenye kuulizwa walitazamana uso kwa uso, barazani au jikoni, na hapakuwa na aliyeweza kudhani kwamba itafika siku swali litoke katika kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Leo nataka tuzungumze, msomaji mpenzi, juu ya kijisanduku hicho. Ikiwa wewe ni mwalimu au mwanafunzi, nakusihi usifunue ukurasa mwingine kabla hatujafika mwisho, kwa maana jambo lenyewe latugusa sisi kuliko linavyomgusa mtengenezaji wa michezo ya watoto.

Mwaka 2004 nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule moja ya msingi huko Likoni. Alasiri moja, joto limetanda na upepo wa bahari umegoma, nilimwona mvulana mmoja wa dawati la nyuma ameinamisha kichwa kama anayesali. Nikamwendea kwa mwendo wa paka. Kumbe ameshika Game Boy Color iliyochujuka rangi, ambayo kaka yake alikuwa ameinunua katika marundo ya mitumba pale soko la Kongowea. Ndani yake mlikuwamo kaseti moja tu, nayo ilikuwa Who Wants to Be a Millionaire, ule mchezo wa chemsha bongo wa runinga ya Uingereza, uliogeuzwa kuwa gemu. Nikamnyang'anya, nikaitia mfukoni, nikamwambia arudi na mzazi.

Usiku ule, nilipokwisha kusahihisha madaftari, nikaiwasha ili nimjue adui yangu. Swali la tatu likanitoa. Lilihusu mchezo wa kuigiza wa runinga ambao sijapata kuuona, unaopendwa na watu wa nchi ambayo sijapata kuikanyaga. Nikaanza upya, nikatolewa tena. Ilipogonga saa sita ya usiku nilikuwa ningali nabonyeza, nimesahau usingizi, huku mashine ikiniuliza mambo ya wafalme wa Kiingereza na kunihesabia fedha katika pauni ambazo hakuna atakayenilipa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba yule mtoto hakuwa mpotovu hata kidogo. Yeye nami tulikuwa tumevuliwa na ndoana ile ile.

Yafaa tujue chimbuko la ndoana hii. Runinga ya Marekani ilikuwa na michezo ya maswali katika miaka ya 1950, na mapema mno ikaingiwa na doa. Kulikuwa na mchezo ulioitwa Twenty-One, ambao washindani wake walipewa majibu kwa siri kabla ya kuingia studioni. Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyesifiwa nchi nzima kwa ujuzi wake, alikiri mbele ya kamati ya bunge la Marekani mwaka 1959 kwamba yeye pia alipewa. Walimu wenzangu waliopata kuona mtihani wa taifa ukiuzwa mitaani kabla ya siku yake hawatashangaa. Swali likiwa na jibu moja lililofichwa mahali pamoja, na fedha zikiwekwa juu yake, mwizi hachelewi.

Katika kivuli cha fedheha hiyo ndipo Merv Griffin alipobuni Jeopardy!, iliyoanza mwaka 1964. Shauri lilitoka kwa mkewe: ikiwa watu wamechukizwa na washindani kupewa majibu, basi wote wapewe jibu hadharani, nao watafute swali lake. Mwaka 1975 Griffin akaleta Wheel of Fortune, mchezo wa kubahatisha herufi za msemo uliofichwa. Kisha mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ikatoa Game Boy, na haukupita muda mrefu michezo hiyo miwili ikawa imetiwa katika kaseti zake. Kampuni ya Tiger ya Marekani nayo ikaunda vifaa vyake vya mkononi vya michezo iyo hiyo. Who Wants to Be a Millionaire ulianza Uingereza mwezi Septemba mwaka 1998, na kufika mwaka 2000 ulikuwa tayari umeingia katika Game Boy Color. Mwaka huo huo Amitabh Bachchan alianza kuuendesha kwa Kihindi huko Bara Hindi, na wapenzi wa filamu za Kihindi wa pwani hii hawana haja ya kuelezwa yeye ni nani.

Sasa tuulize: katika safari hiyo ya kutoka studioni hadi kiganjani, ni kitu gani kilichosalia njiani?

Tuutazame mchezo wa milionea. Mshindani huwekewa maswali kumi na matano, kila swali na majibu manne ya kuchagua. Anayebahatisha yote kwa upofu ana nafasi moja katika zaidi ya bilioni moja. Kwa hiyo mchezo ulipoanza alipewa misaada mitatu: kuondolewa majibu mawili ya uongo, kumpigia simu rafiki, na kuuliza hadhira iliyoketi ukumbini. Katika misaada hiyo mitatu, miwili ni binadamu. Rafiki yule aweza kusitasita, na mshindani akaipima sauti yake. Hadhira ile ni watu walioacha nyumba zao wakaja kumshuhudia mwenzao akipanda au akianguka. Lakini katika gemu ya mkononi, rafiki ni maandishi yaliyopangwa na mashine, na hadhira ni tarakimu ambazo mashine imejikokotolea yenyewe. Mtoto anadhani anaomba shauri kwa watu, kumbe anamwomba shauri yule yule aliyemtega. Mchezo umehama, watu wameachwa.

Watu wa rika langu watakumbuka Omo Pick-a-Box katika runinga ya KBC miaka ya 1990. Runinga zilikuwa chache mitaani, nasi tulijazana katika sebule ya jirani, huyu akipiga kelele mshindani achukue pesa, yule akimhimiza achukue sanduku. Sidai kwamba mchezo ule ulikuwa chuo cha hekima. Ulikuwa wa bahati zaidi kuliko wa akili. Walakini ulitukalisha pamoja, na aliyekosea alikosea mbele yetu, nasi tukacheka pamoja naye.

Nirejee kwa mwanafunzi wangu. Mzazi alikuja siku ya pili, mama mchuuzi aliyekuwa amechelewa feri kwa ajili yangu, na mtoto akasimama mbele yetu kimya. Nikaamua kumjaribu. Nikaisoma gemu, nikaanza: "Mji mkuu wa Australia ni..." Kabla sijatamka majibu manne, alisema "Canberra." Nikamuuliza la pili na la tatu, akajibu bila kupepesa macho. Nikamfunulia ramani ya dunia, nikamwambia anionyeshe Australia. Kidole kikaelea juu ya bahari kama mashua isiyo na nanga. Kaseti ile ilikuwa na hazina yake ya maswali, wala hapana njia ya kuongeza hata moja. Mtoto alikuwa ameizunguka mara nyingi mno hata akayahifadhi yale majibu kama mtu anayehifadhi nambari za nyumba asizopata kuingia.

Ningependa kusema kwamba nilicheka. Sikucheka, kwani ukutani nyuma yake nilikuwa nimebandika karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, nazo zilikuwa na A, B, C na D kuanzia juu hadi chini. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985, na watahiniwa wa mwisho waliufanya mwaka 2023. Kwa muda wote huo, ukiacha insha na ile ya Kiingereza, mtoto wa Kenya aliulizwa achague herufi moja katika nne. Sisi walimu tukajifunza kumwandaa kwa hilo: tukamlisha karatasi za kale, tukamzungusha katika hazina ile ile ya maswali, mpaka akalijua jibu kabla ya swali kwisha. Katika karatasi ya maswali hamsini, asiyejua lolote hutarajiwa kupata kumi na mawili au kumi na matatu kwa kubahatisha tu. Tulikuwa na gemu yetu wenyewe, ila haikuhitaji betri. Mtaala mpya wa umilisi ulikusudiwa kuliondoa tatizo hilo, na nausifu kwa nia yake. Hata hivyo mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita, ulioanza mwaka 2022, nao una maswali ya kuchagua jibu.

Mpaka hapa msomaji atadhani nimekuja kuishitaki gemu. La hasha. Kuna neno ambalo yule mtoto alilisema, nalo limenikaa rohoni miaka yote hii, na pasipo neno hilo nisingeshika kalamu.

Alikuwa na kigugumizi. Nilikijua, kama nilivyojua jina lake. Mamake alipotoka nje kuzungumza na mwalimu mkuu, nilimuuliza kwa upole ambao nadhani ulikuwa mgeni kwake: mbona unaijibu mashine hii maswali yote, na darasani hujapata kuinua mkono hata siku moja? Akaitazama sakafu. Neno lilimchukua muda mrefu kutoka.

"Ha-hainicheki, mwalimu."

Basi. Nikakumbuka jinsi darasa lilivyokuwa likiangua kicheko kila alipojaribu kusoma kwa sauti, nami nikigonga meza mara moja, kwa ulegevu, kisha nikimwita mwingine ili tusipoteze wakati. Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kiboko shuleni tangu mwaka 2001, nami nilijihesabu miongoni mwa walimu walioitikia upesi. Lakini kicheko cha watoto arobaini ni kiboko pia, na kile sikukipiga marufuku. Mashine ilimngojea. Ilimwambia amekosea bila kumkodolea macho, ikampa nafasi ya pili na ya kumi. Kijisanduku cha mitumba kilikuwa na subira ambayo mwalimu mwenye cheti hakuwa nayo.

Hivyo naungama kwamba gemu ilijaza shimo ambalo mimi ndimi niliyelichimba. Ila shimo kujazwa si sawa na shimo kupona. Mashine haimcheki mtoto kwa sababu haimsikii. Mwenye kigugumizi huihitaji hadhira inayojua kungoja, na hadhira ya namna hiyo hainunuliwi sokoni. Hufunzwa darasani, taratibu, na mtu mzima aliyekubali kupoteza dakika.

Kuna waliopata kunishauri kwamba dawa ni kuzitafsiri gemu hizi kwa Kiswahili. Shauri si baya, ila halitoshi, na Wheel of Fortune itatuonyesha sababu. Katika mchezo ule wa runinga, mshindani hutaja konsonanti bure, lakini irabu huinunua kwa dola 250. Kwa Kiingereza biashara hiyo ina maana. Sasa chukua methali yetu: Haraka haraka haina baraka. Ina herufi ishirini na tatu, na kumi na moja kati yake ni a. Mtoto wa Kisauni atanunua irabu moja tu, nusu ya methali iwe imekwisha kufichuka, na mchezo umekufa kabla haujazaliwa. Atakayetaka kuuleta mchezo huo kwetu hana budi kuzigeuza kanuni zake: labda irabu zitolewe bure, na konsonanti ndizo zilipiwe, au kinachofichwa kiwe silabi badala ya herufi. Maana yake ni kwamba lugha si nguo ya kuvalishwa mchezo uliokwisha kukatwa. Mchezo wenyewe hauna budi kushonwa kwa kipimo cha lugha.

Nasi tunacho kilichoshonwa kwa kipimo hicho tangu jadi. Mtoto husema "Kitendawili!" na wenzake wakaitika "Tega!" Wasipoweza kutegua, mtegaji hudai apewe mji. Watampa Lamu, atakataa. Watampa Mombasa, atakubali, kisha atasimulia kwamba alikwenda Mombasa akala na akanywa na akaona, ndipo atoe jibu. Hebu utazame mpango huo kwa jicho la mwalimu. Yeyote aweza kuuliza. Anayeshindwa hatolewi nje, bali hulipa kwa kutoa mji wa kuwaziwa, na malipo hayo hugeuka hadithi inayowafurahisha wote. Hazina ya maswali haiishi, kwa kuwa kila mtoto anaweza kubuni lake. Mombasa hii ndiyo iliyomlea Muyaka bin Haji, malenga wa karne ya 19, na kujibizana kwa mashairi kulikuwa desturi ya mji. Kutegana kwa maneno si ugeni kwetu hata tusubiri kuuletewa na meli.

Basi nilifanya nini? Nilimrudishia mtoto gemu yake kwa sharti la kutoileta darasani. Kisha nikatenga nusu saa kila Ijumaa, nikaiita chemsha bongo, nikaweka kanuni tatu. Ya kwanza: maswali hutungwa na wanafunzi. Ya pili: asiulize mtu swali ambalo jibu lake amelitoa kitabuni peke yake, lazima awe ameuliza mtu au ameona kwa macho. Ya tatu: anapozungumza mwenzako, darasa zima hungoja, hata ikiwa ni dakika tano.

Wiki za mwanzo zilikuwa kichekesho. Baadaye yalianza kuja maswali ambayo mimi mwenyewe sikuyaweza. Msichana mmoja ambaye babake alifanya kazi reli aliuliza kwa nini reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria baada ya miaka mitano, na mizigo mingine leo huchukua siku nyingi kutoka Changamwe. Tulicheka, kisha tukajadiliana mpaka kengele ikalia. Na yule mvulana wa dawati la nyuma? Alikaa kimya kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kisha Ijumaa moja akainua mkono. Alikuwa amevuka feri kwenda kwa shangazi yake kule Kisauni, naye aliuliza: kwa nini Kengeleni huitwa Kengeleni?

Lilimchukua muda kulitamka. Mmoja alicheka, wenzake wakamnyamazisha kabla yangu. Hakuna aliyejua jibu. Wakampa mji, wakampa Nairobi, akakataa, wakampa Zanzibar, akakubali. Ndipo akatueleza, neno moja moja, habari ya kengele ya Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na jinsi jina la kengele hiyo lilivyobaki juu ya mahali ambapo maelfu hupita kila siku bila kuuliza. Shangazi ndiye aliyemweleza. Kigugumizi hakikupona siku ile, wala sitawadanganya kwamba kilipona. Ila tulimsikiliza.

Siku hizi kijisanduku kimegeuka simu. Gemu za milionea ziliingia katika simu za mkononi tangu miaka ya 2000, na leo simu hiyo hiyo inaweza kumjibu mtoto swali lolote kwa nukta chache. Panapo simu pana pia hatari ambayo Game Boy haikuwa nayo: pauni za kaseti ile zilikuwa za uongo, lakini kamari ya simuni hula shilingi za kweli, ingawa sheria yamkataza aliye chini ya miaka 18. Mwezi Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku thelathini, dalili kwamba moshi umekwisha kuonekana. Mtoto aliyezoea kubonyeza, kungoja mlio na kubahatisha tena, ni rahisi kumvusha ng'ambo hiyo bila yeye kujua kwamba amevuka. Sisemi kila gemu ni mlango wa kamari. Nasema mtoto aliyezoeshwa kusaka sababu ya jibu ana ngao, na aliyezoeshwa kubahatisha herufi hana.

Zaidi ya hayo, pale ambapo majibu yamekuwa rahisi kama maji ya mvua, thamani imehamia kwa mwenye kujua kuuliza. Mwaka 2007 shindano la Celtel Africa Challenge, lililoendeshwa na John Sibi-Okumu, liliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika mbele ya kamera, na lilithibitisha kwamba chemsha bongo yaweza kuwa yetu. Hatuhitaji studio wala wafadhili kuifanya gredi ya sita ya Likoni, Kisauni au Changamwe iwe na yake. Twahitaji nusu saa na masikio.

Walimu wenzangu, msiziogope gemu za watoto. Ziombeni, zichezeni, mtolewe, kisha mjiulize ni kitu gani mtoto anakipata humo ambacho darasani amekikosa. Nanyi wanafunzi, chezeni mkitaka, lakini msiridhike kuwa watu wa kuulizwa tu. Tafuteni swali la kwenu, mwulizeni babu, mwulizeni kuli, mwulizeni shangazi wa ng'ambo ya feri, kisha mlilete mbele ya wenzenu. Mwenzenu akisema "Kitendawili!", wekeni simu chini, mgeukieni, mwitikie: Tega! Na akichelewa kutamka, mngojeni.